"Late" ya Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayejifunza Kiingereza hukutana na "late" mapema, pengine siku anapoingia darasani kengele imeshalia. Siku nyingine hulikuta kwenye tangazo la msiba, mbele ya jina la mtu, na hapo maswali huanza. Haya ndiyo yanayorudi mara nyingi zaidi.

Kwa kifupi, "late" ina maana gani?

Inategemea limekaa wapi. "The bus is late": basi limechelewa. "Late at night": usiku wa manane, au usiku umekwenda sana. "The late 1990s": mwishoni mwa miaka ya 1990. "The late minister": waziri aliyefariki. Kuna na maana ya tano, iliyochakaa lakini ingali hai kwenye nyaraka za zamani, ya "aliyekuwa" au "wa hivi karibuni". Kwa kila moja Kiswahili kina namna yake ya kusema, tena zisizofanana hata kwa sauti. Kiingereza kimezitwika zote neno moja, ndiyo maana kamusi ya mfukoni inayosema tu "-a kuchelewa" hukuacha njiani.

Neno lenyewe limetoka wapi?

Limetoka ndani ya Kiingereza chenyewe, halikuazimwa. Kiingereza cha Kale, kilichosemwa Uingereza kuanzia karne ya 5 hadi takriban mwaka 1100, kilikuwa na neno "læt". Kazi yake ya kwanza haikuwa ya saa. Lilimweleza mtu au mnyama: mzito wa mwendo, mlegevu, mvivu, asiyejihimu. Maana ya kuchelewa ilikuwamo, lakini imekaa pembeni.

Ndugu zake katika lugha za jirani wanathibitisha hilo. Kigothi, lugha ya Ulaya iliyokufa inayojulikana hasa kwa tafsiri ya Biblia ya Askofu Wulfila ya karne ya 4, kilikuwa na "lats", yaani mvivu. Hadi leo Mswidi akisema "lat" anamaanisha mvivu, na kwa Kiaislandi "latur" ni vivyo hivyo. Kiholanzi kimefuata njia ileile ya Kiingereza, na "laat" yake ni ya kuchelewa. Kijerumani kililiacha neno hili lichakae, kikabaki na "lässig" kwa mtu asiyejali sana, na kwa kuchelewa hutumia "spät", ambalo ni la ukoo mwingine kabisa.

Ukichimba zaidi unafika kwenye shina ambalo wanaisimu huliandika *led-, nyota ikiwa alama kwamba halijapatikana kwenye maandishi yoyote bali limekisiwa kwa kulinganisha lugha. Maana yake ni kulegea, kuchoka. Upande wa Kilatini lilizaa "lassus", aliyechoka. Kutoka hapo Kifaransa kikapata "las", na kutoka "las" kikapata "hélas", mlio wa masikitiko, ambao Waingereza waliuchukua na kuufanya "alas". Kwa hiyo "alas" ya mashairi na "late" ya rejista ya shule ni mabinamu wa mbali.

Uvivu uligeukaje kuwa kuchelewa?

Mzito wa mwendo hufika nyuma ya wenzake. Neno lilianza kumweleza mwenye miguu mizito, likahamia kwenye kufika kwake, mwisho likahamia kwenye saa yenyewe: "it is late", muda umekwenda, hata kama hakuna mtu yeyote aliyezembea. Hapo lawama imeshatoka ndani ya neno.

Njia hii si ya Kiingereza pekee. Kilatini kilikuwa na "tardus", mzito wa mwendo. Kifaransa kikalifanya "tard", la kuchelewa. Kihispania kikalifanya "tarde", ambalo pia ni jina la alasiri. Kiingereza nacho kikaokota "tardy", ambalo shule za Marekani bado hulitumia kwa mwanafunzi aliyeingia baada ya kengele.

Kiswahili kilipita kwingine. Kuchelewa kumetokana na kucha, kwa maana ya kupambazuka: aliyechelewa ni yule ambaye mapambazuko yamemkuta bado hajafanya alilopaswa kulifanya. Mwenzake ni kuchwelewa, kukutwa na machweo, ambalo siku hizi husikika kwa nadra. Upande mmoja lawama ni ya miguu, upande wa pili jua ndilo lililokimbia. Wapo wanaopenda kujenga falsafa nzima ya tabia za mataifa juu ya jambo la namna hii. Mimi siwafuati: shina la kitenzi halimfikishi mtu stendi mapema wala halimchelewishi.

Kuna uhusiano wowote kati ya "late" na "let"?

Upo, tena mara mbili. "Let" ya kuruhusu, kama katika "let me go", ilianza na maana ya kuachia, kulegeza mkono, na ni ya shina hilohilo la kulegea. Halafu kulikuwa na "let" nyingine iliyozaliwa moja kwa moja na "læt": kumfanya mtu awe mzito, yaani kumchelewesha, kumzuia. Kiingereza kikajikuta na maneno mawili yanayotamkwa sawa, moja la kuruhusu na jingine la kuzuia. Hali hiyo haiwezi kudumu, na la kuzuia likazidiwa.

Limebaki mahali pachache. Lililo wazi zaidi limo ndani ya pasipoti ya Uingereza, ambamo mwenye pasipoti huombewa apite "without let or hindrance", bila kuzuiwa wala kuwekewa kikwazo. Maneno hayo yamerithiwa na pasipoti za nchi kadhaa zilizokuwa chini ya Uingereza, India ikiwemo. Msomaji anayeijua "let" ya kuruhusu tu hushangaa: apite bila ruhusa? Sivyo.

Kwa nini marehemu huitwa "the late"? Amechelewa nini?

Hajachelewa kitu. Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake limo kwenye maana ya tano niliyoitaja juu. Katika Kiingereza cha Kati, kilichofuata kile cha Kale, "late" ilipata maana ya "hivi karibuni" au "mpaka juzijuzi". Ukisema "the late king" ulimaanisha yule aliyekuwa mfalme mpaka juzi. Kwa kuwa wafalme wengi huondoka kitini kwa kufa, na waume na wake vivyo hivyo, maana ya kifo ilijikusanya yenyewe ndani ya neno. Kufikia mwisho wa karne ya 15 lilikuwa likitumika waziwazi kwa mtu aliyekufa.

Kwa hiyo "late" hapa haisemi lolote kuhusu roho, hukumu au pumziko. Inasema wakati tu: alikuwapo mpaka karibuni. Marehemu ya Kiswahili ni tofauti kabisa. Asili yake ni Kiarabu, "marhum", aliyerehemiwa, na ndani yake kuna dua. Msemaji huenda haiwazi dua hiyo kila anapolitaja neno, lakini imo. Wasomaji wa Kongo wanaotumia Kifaransa wanalo neno la tatu, "feu", linaloandikwa sawasawa na moto lakini lisilohusiana nao: limetoka kwenye neno la Kilatini la majaliwa, yaani mtu aliyetimiza siku alizopangiwa. Watu watatu wanamtaja mfu mmoja: mmoja anamwombea, mmoja anataja majaliwa, mmoja anataja kalenda.

Mtu aliyekufa zamani bado huitwa "the late"?

Hapana, na hapa wengi huteleza. Kwa kuwa ndani yake kuna "karibuni", neno hili huisha muda wake. "The late Queen Elizabeth", aliyefariki Septemba 2022, ni sawa. "The late President Magufuli", aliyefariki Machi 2021, ni sawa. "The late Mwalimu Nyerere" bado husikika Afrika Mashariki, japo amefariki tangu tarehe 14 Oktoba 1999, kwa sababu waliomjua wangali wengi na heshima yake haijapoa. Lakini "the late Shakespeare" ni kichekesho. Mtu huyo alikufa 1616. "The late Seyyid Said" pia haifai, kwa kuwa sultani huyo alifariki 1856.

Hakuna sheria ya miaka mingapi. Kipimo changu ni hiki: kama kuna msomaji anayeweza kudhani mtu huyo yu hai, au kama waliomzika bado wapo, weka "the late". Vinginevyo acha, jina linatosha. Marehemu ya Kiswahili haina kikomo cha namna hiyo, ukisema marehemu babu wa babu yangu hakuna atakayekucheka, ndiyo maana ukitafsiri neno kwa neno unakosea.

"My father is late". Ni kosa?

Mkenya, Mganda, Mtswana au Mwafrika Kusini akisema hivi, wenzake wanaelewa mara moja: baba yake amefariki. Mwingereza au Mmarekani asiyewahi kuishi huku atatazama saa yake na kusema hakuna shida, tutamsubiri. Jambo hili hutokea kweli, na aibu huwa ya pande zote mbili.

Kwa sarufi ya Uingereza, "late" ya kifo hukaa mbele ya nomino tu, "my late father". Ikihamia baada ya "is" hurudi kuwa ya kuchelewa. Sasa tazama Kiswahili: marehemu baba yangu, na baba yangu ni marehemu. Zote mbili ni sahihi na za kawaida. Anayefikiri kwa Kiswahili, au kwa lugha nyingine ya Kiafrika yenye mpangilio kama huo, anakuta "late" na kulipeleka kote ambako marehemu huenda. Hilo si uzembe. Ndivyo Kiingereza kinavyokua kinaposemwa na watu wapya, na kwa maoni yangu msemo huu umeshajipatia uraia katika Kiingereza cha Afrika. Pia una upole ambao "my father is dead" haina.

Ila jua unamwandikia nani. Barua ya ufadhili inayokwenda chuo cha Ulaya ikisema "both my parents are late" inaweza kusomwa vibaya kabisa. Hapo andika "my late parents", au "both my parents have died". Ukimwandikia ndugu wa Kampala, andika upendavyo.

Na "the late" bila jina, kama "the late was a good man"?

Hii husikika sana kwenye hotuba za mazishi huku kwetu, na imetokana moja kwa moja na kauli kama "marehemu alikuwa mtu mwema". Hapa mimi ni mkali zaidi kidogo kuliko kwenye swali lililotangulia, kwa sababu Kiingereza kina neno lake tayari, "the deceased". Likionekana kavu mno kwa msiba, taja jina la mtu. Mfu anayo haki ya kutajwa kwa jina siku anayozikwa.

Tofauti ya "late", "former" na "ex" ni ipi?

"Former president" ni rais mstaafu au aliyeondoka madarakani, na kwa kawaida hueleweka kuwa yu hai. "Late president" amefariki, iwe akiwa madarakani au baada ya kustaafu. Jomo Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978 akiwa bado rais. Benjamin Mkapa alifariki Julai 2020 akiwa amestaafu tangu 2005. Wote ni "late", lakini kwa Mkapa waandishi makini huandika "the late former president" ili isionekane kwamba kifo ndicho kilichomtoa Ikulu.

"Ex" ni ya mahusiano na vyeo, na haina heshima sana. "My ex-wife" tumeachana. "My late wife" amefariki. Kuchanganya haya mawili kwenye fomu ya ubalozi kuna gharama.

Hayati na marehemu, lipi ndilo "the late"?

Yote mawili. Hayati nalo ni la Kiarabu, na asili yake ni uhai, jambo linalowashangaza wengi. Tanzania hulitumia zaidi kwa viongozi na watu mashuhuri: Hayati Mwalimu Nyerere, Hayati Karume. Marehemu ni la watu wote. Kiingereza hakina daraja hilo. "The late" huwekwa kwa rais na kwa jirani. Kuna pia mwendazake, ambalo limepata sauti ya kisiasa Tanzania tangu 2021 na masikioni mwa wengi lina dharau. Usilitumie kutafsiri "the late" kwenye tangazo la familia.

Nimeona "late of" kwenye tangazo la mirathi. Ina maana gani?

Matangazo ya mirathi katika Gazeti Rasmi la Kenya humtaja marehemu kisha huongeza "late of" na jina la mahali. Maana yake ni kwamba mpaka kufa kwake alikuwa mkazi wa hapo.

Lakini ukisoma kumbukumbu za kikoloni, jihadhari. Ofisa anayejiandika kuwa "late of the King's African Rifles" si mzimu. Ni mtu aliyekuwa katika jeshi hilo, lililoundwa 1902, kisha akatoka, na anaandika kitabu chake akiwa mzima wa afya. Hiyo ndiyo maana ya "mpaka karibuni" kabla kifo hakijaitawala. Mwanafunzi wa historia anayetafsiri kila "late" kuwa marehemu atawazika watu wengi kabla ya siku zao.

"Later", "latest", "latter", "last": kwa nini ni mengi hivi?

Kwa sababu neno moja lilinyambuliwa mara mbili katika nyakati tofauti. Kiingereza cha Kale kilikuwa na daraja zake za kulinganisha: "lætra", mzito zaidi, na "latost", mzito kuliko wote. La kwanza likawa "latter". La pili likafupishwa mpaka likawa "last". Kadiri karne zilivyopita watu walisahau kwamba "latter" na "last" ni watoto wa "late", maana sauti zilishabadilika. Basi wakaunda upya, kwa kanuni ya kawaida, "later" na "latest". Sasa wapo wanne, na kila mmoja amejitafutia kazi.

"Later" ni baadaye. "Latter" ni cha pili kati ya viwili vilivyotajwa, na mwenzake ni "former". Vikiwa vitatu haifai, sema "the last". "Latter" imebaki pia na maana ya zamani ya siku za mwisho, kama katika jina la kanisa lililoanzishwa na Joseph Smith huko New York mwaka 1830, ambalo kwa Kiswahili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho.

"Last" na "latest" ndiyo huleta ugomvi. "Last" hufunga mlango: hakuna kingine baada yake. "Latest" ni cha karibuni kabisa mpaka sasa, na kingine kinaweza kuja. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, riwaya yake mpya wakati huo ilikuwa ya 2020. Aliyeiita "his latest novel" alisema kweli. Aliyeiita "his last novel" alimstaafisha mzee bila idhini, na mwaka 2025 ikatoka nyingine.

Mbona basi "latest" imekuwa "mpya kabisa" ilhali "late" ni kuchelewa?

Kwa sababu kilichofika nyuma ya vyote ndicho kilicho karibu zaidi na leo. "Latest news" ni habari za hivi punde. Simu iliyochelewa kutoka kuliko zote ndiyo mpya kuliko zote. Hakuna ukinzani, ila ni sawa kabisa kushangaa.

"Last" ya kudumu, kama "this battery lasts", nayo ni ya ukoo huu?

La. Hiyo imetoka kwenye neno jingine la Kiingereza cha Kale lililohusu nyayo: kufuata nyayo za mtu, kuendelea kumfuata, kisha kudumu. Kalibu ya fundi viatu, ambayo kwa Kiingereza huitwa "last" pia, imetoka kwenye unyayo huohuo. Kufanana kwake na "last" ya mwisho ni bahati tu.

Naweza kusema "I came lately" kwa maana ya nimechelewa kufika?

Usiseme. "Lately" ni siku hizi za karibuni: "I have been busy lately". Kwa kuchelewa, kielezi ni "late" lenyewe bila kuongezwa kitu: "I came late". Zamani "lately" ilimaanisha polepole, kwa uzito, kama ungetarajia kutoka kwa babu yake "læt", lakini maana hiyo imekufa. "Of late" ni sawa na "lately", yenye sauti ya kitabu kidogo.

Kinyume cha "late" ni "early". Nayo ilianza kama kinyume cha mvivu?

Hapana. "Early" imetoka kwenye "ær", kabla, neno ambalo washairi walilihifadhi kama "ere". Haya mawili hayakuzaliwa kama jozi: moja lilisema kabla, jingine lilisema mzito. Yalikutana baadaye, wakati "late" ilipokuwa imeshaacha kumsema mtu na kuanza kuisema saa.

Maneno ya wakati yana tabia ya kuteleza. "Soon" katika Kiingereza cha Kale ilikuwa papo hapo. Karne nyingi za watu kusema nakuja na kutokuja zikaifanya kuwa baada ya muda kidogo. Anayeishi na "sasa hivi" ya Kiswahili hahitaji maelezo zaidi.

"The late 1990s" ni miaka ipi? Na "late nineteenth century"?

Kwa mwongo, yaani kipindi cha miaka kumi, ni miaka mitatu au minne ya mwisho, takriban 1996 au 1997 mpaka 1999. Kwa umri ni hivyo hivyo: mtu "in his late thirties" ana miaka 37, 38 au 39. Kwa karne, ni robo au theluthi ya mwisho. Karne ya 19 inaishia 1900, kwa hiyo Ujerumani kutangaza ulinzi wake juu ya sehemu za Tanganyika mwaka 1885, na kuanza kujengwa kwa reli ya Uganda kutoka Mombasa mwaka 1896, vyote ni "late nineteenth century". Kwa Kiswahili sema mwishoni mwa karne ya 19. Usiseme karne ya 19 iliyochelewa, ingawa mashine za kutafsiri zimewahi kujaribu.

"As late as" na "no later than" zinatofautianaje?

"As late as" ina mshangao ndani yake: hata wakati huo bado! Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Mwandishi akisema utumwa ulikuwa halali Tanganyika "as late as 1921", anataka ushtuke. Kiswahili chake ni hata kufikia 1921 bado. Ukiandika tu mpaka 1921 umetoa tarehe na kuuacha mshangao nje.

"No later than" haina hisia yoyote, ni ya makarani. "No later than 30 June", tarehe ambayo walipa kodi wa Kenya wanaifahamu vizuri kwa ajili ya ritani zao, inajumuisha tarehe 30 yenyewe. Siku inayofuata umechelewa. Watu wetu wengi husema "latest by Friday". Nje ya Afrika Mashariki na India wengi husema "by Friday at the latest".

Mwanamke akisema tu "I'm late", amechelewa wapi?

Sikiliza mazingira. Akiwa na viatu mkononi anakimbilia kazini, amechelewa kazi. Akiwa amekaa na shoga yake kwa sauti ya chini, huenda anasema amepitiliza siku zake. Kiingereza hakiongezi neno, wanaoelewa wanaelewa.

"Late blight" ya nyanya na viazi ni ugonjwa uliochelewa?

Wakulima wa Tanzania huuita bakajani chelewa, na mwenzake, "early blight", bakajani tangulia. Hii ni tafsiri nzuri, fupi na yenye kushika akilini. Majina yamefuata kawaida ya magonjwa hayo kwenye msimu, kwamba moja hutangulia na jingine hufuata. Ila usilitegemee jina kama kalenda. Bakajani chelewa hupenda baridi na unyevu, na ikivipata inaweza kushambulia shamba hata miche ikiwa bado michanga, tena kwa kasi ya siku chache. Ndio ugonjwa ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia 1845 na kuleta njaa kubwa. Anayesubiri kupulizia dawa eti kwa sababu ugonjwa ni wa kuchelewa, atakuta majani meusi.

"Better late than never" kwa Kiswahili ni nini?

Wengi hujibu kawia ufike. Inakaribia, lakini haikai sawasawa. Kawia ufike ni shauri kwa msafiri kabla hajaondoka: enda taratibu, la maana ni kufika. "Better late than never" husemwa baada ya tendo, mara nyingi kwa kejeli, kwa mtu ambaye ameshafika na wenzake wameshakula. Ni ya kale. Warumi walikuwa nayo kwa Kilatini. Kwa kumpokea aliyechelewa mimi husema afadhali umefika, basi. Na kwa anayeendelea kuahirisha, Kiswahili kina chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, ambayo Kiingereza hakina ya kuilipa.

Hutamkwaje?

Silabi moja, sauti ya kati ni kama "ei", na t ya mwisho haifuatwi na irabu: si "leti", si "leta". Kwa wenye lugha za mama zisizotenganisha l na r, ncha ya ulimi iguse ufizi nyuma ya meno ya juu, la sivyo "late" hugeuka "rate", na mwenye duka la kubadilisha fedha atakuonyesha ubao wa bei ya dola.